Kamanda Aliyekosa Matanga

Konda alichomeka flashi hata kabla Coaster haijatoka stendi ya Arusha. Skrini ndogo pale juu ya dereva ikawaka, na ile sauti ya mtafsiri tuliyoizoea ikajaa gari zima. Filamu ilianzia katikati, kama zinavyoanza zote za kwenye basi. Nilikuwa na daftari za wanafunzi mapajani, nimepania kusahihisha japo kumi kabla giza halijaingia.

Sikusahihisha hata moja.

Ilikuwa vita ya angani. Meli zimetanda kama nzige, na aliyeziongoza hakuwa binadamu. Ngozi yake ya magamba, shingo ndefu, macho rangi ya shaba. Mtafsiri alishampachika jina la Mzee Magamba. Mwanawe wa pekee alikuwa kwenye meli iliyolipuliwa na watu wa dunia hii, na sasa baba anakuja na jeshi lote kulipiza. Pembeni ya kiti chake kulikuwa na kiti kingine, kidogo, hakijakaliwa na mtu. Kila alipotaka kutoa amri alikigeukia kwanza, akakiwekea kiganja kwenye egemeo, halafu ndipo akasema.

Mtafsiri, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, hapo alinyamaza. Kisha akasema taratibu, "Huyu baba hapigani vita, mtazamaji. Huyu ana msiba."

Sijui kama maneno hayo yalikuwemo kwenye filamu au aliyatoa moyoni mwake.

Mwishoni meli ya Mzee Magamba ikapasuka vipande vipande. Abiria wakashangilia. Kijana wa siti ya mbele akapiga makofi na mluzi. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo na ncha ya kitenge, machozi yananitiririka. Mama niliyekaa naye akanigusa goti. "Dada, unaumwa?" Nikamwambia ni vumbi tu.

Nikageukia dirishani ili asinitazame zaidi. Ndipo nikaona tumefika Njia Panda ya Machame.

Kwasadala ilikuwa imeshapita.

Kwasadala

Tangu mwezi wa tano mwaka jana sijapita Kwasadala macho yakiwa wazi. Tukiacha Boma Ng'ombe naanza kujiandaa: naweka mkoba chini, nashika chuma cha siti ya mbele, nafumba macho, nahesabu. Nikifika mia mbili na hamsini nafumbua. Nimefanya hivyo kila safari, kwenda na kurudi, na hakuna anayejua.

Mdogo wangu alikuwa bodaboda. Lori la mchanga lilihama upande wake likamfuata upande wa pili wa barabara, asubuhi, kweupe. Wanaoijua barabara ile hawahitaji niendelee.

Siku ile ya filamu nilipita pale macho yangu yakiwa wazi kabisa, na sikupaona. Nilipita kama abiria yeyote anayewahi nyumbani. Nilishuka Moshi najisikia kama mtu aliyempita ndugu yake barabarani bila salamu, na usiku sikulala. Ila kilichoninyima usingizi si Kwasadala peke yake.

Nilikuwa upande wa yule kamanda.

Gari zima lilikuwa upande wa dunia, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kwamba mkono wake usitetemeke, kwamba apige, kwamba asibaki mtu. Nilitamani ifutwe ile sayari yenye mama yangu, yenye wanafunzi wangu, yenye kijana wa siti ya mbele. Kwa dakika kama arobaini nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote.

Hilo ndilo limenisumbua wiki saba.

Namba

Nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo kuna namba ya gari. Niliiandika siku ya kesi, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Kesi iliisha kwa faini. Faini ile ilikuwa ndogo kuliko bei ya jeneza.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza. Moshi si kubwa. Ukiuliza kwa upole unaambiwa. Nikajua malori yale yanalala wapi, na kwamba mbele ya uwanja wenyewe kuna mgahawa. Jumamosi nikaenda, nikaagiza chai, nikakaa dirishani. Dereva alikuja saa nne. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka mahakamani. Akachota maji kwenye ndoo, akaanza kusugua tairi za lori kwa brashi, moja baada ya nyingine, bila haraka, anaingiza mkono mpaka ndani kabisa kunakoganda tope.

Jumamosi ya pili nikarudi. Ya tatu pia.

Msiniulize nilitaka kufanya nini. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na namba, na nilikuwa na chai inayopoa.

Jumamosi ya tatu alikuja mtoto wa kike, wa miaka saba au nane, na sweta la shule ingawa hakukuwa na shule. Amebeba hotpoti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Yule bwana akanawa, akakaa kwenye ngazi ya lori, akafungua, na cha kwanza akamkatia mtoto kipande. Mtoto akala amesimama, anachezesha mguu mmoja. Nililipa nikaondoka, na sijarudi tena. Ila namba sikuifuta.

Swali darasani

Mimi nafundisha fizikia. Kidato cha nne tulikuwa tumefika kwenye elimu ya anga, mada ambayo wanafunzi huipenda kwa sababu wanadhani ni hadithi. Wiki iliyofuata nikaingia darasani na ile filamu kichwani, nikawaambia tuifanyie hesabu.

Wakaanza na sauti. Milipuko ile tuliyoisikia haiwezekani, kwa sababu sauti inahitaji kitu cha kupitia na huko katikati ya nyota hakuna hewa. Yule baba angeiona meli ya mwanawe ikipasuka kimya, kama picha iliyozimwa sauti. Darasa likatulia kidogo.

Kisha tukaenda kwenye mwanga. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Gawanya: sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Jua tunaloliona dirishani ni la dakika nane zilizopita. Kwa Mars ni kati ya dakika 3 na 22, kutegemea iko upande gani. Nikawaeleza maana yake vitani: ukimwona adui yuko kule, unaona alipokuwa. Ukilenga pale pale unapomwona, umelenga mahali alipoondoka. Na kadiri alivyo mbali, ndivyo unavyompiga mtu wa zamani zaidi.

Nilipoisema sentensi hiyo nilikuwa nimewapa mgongo, naandika, na chaki ikanikatikia.

Nikaendelea. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya mwanga 4.24. Tuseme kamanda wetu anatoka huko, jirani kabisa. Habari za mwanawe zikitumwa kwa njia ya haraka kuliko zote zilizopo, zitamfikia baada ya zaidi ya miaka minne. Kuja kwake ni hesabu nyingine. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kila sekunde, na kwa mwendo huo umbali ule ungekichukua zaidi ya miaka 70,000.

Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, akanyoosha mkono.

"Madam, kama habari zimemfikia baada ya miaka minne, kwa yeye mtoto amekufa lini?"

Wenzake wakamgeukia. Nikasema swali ni zuri, tutalijibu kipindi kijacho. Kengele haikuwa imelia. Nilitoka kabla ya muda, nikaenda kusimama nyuma ya maabara, kwenye mti.

Saa nne za mama

Mdogo wangu alifariki saa moja asubuhi. Mimi niliambiwa saa moja na nusu, kwa simu, na rafiki yake wa kijiweni aliyekuwa analia mpaka haeleweki.

Mama hakupigiwa. Mnajua wenyewe, mama hapewi habari kama hizo kwenye simu. Walitafutwa wazee, likatafutwa gari, akapitiwa shangazi, wakapanda Machame. Mvua za masika zilikuwa zimeharibu njia, wakatembea sehemu ya mwisho. Walifika kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwetu, saa tano.

Saa nne.

Ndani ya saa hizo nne mama alikata majani ya ng'ombe. Alifagia uwanja. Alipika ndizi, akala kidogo, na za mwanawe akazibakiza kwenye sufuria, akafunika na sahani, akaweka jiwe juu ya sahani kwa sababu ya paka. Mdogo wangu alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba. Kila jioni alipanda kulala kwa mama yake. Kwa mama, saa tatu asubuhi ile, mwanawe alikuwa yuko barabarani anatafuta hela, na jioni atakula.

Nilipofika, sufuria bado ilikuwa jikoni na jiwe lake juu.

Kwa muda mrefu saa zile nne zilinitia hasira. Niliona mama kadanganywa. Baada ya swali la yule binti nimeanza kuziona tofauti, na nakiri hata wivu ninao. Katika jiko lile mdogo wangu aliishi saa nne zaidi. Mimi kwangu alikufa saa moja na nusu, na mama kwake akafa saa tano, na hakuna hesabu ninayoijua inayoweza kuniambia nani kati yetu amekosea.

Barabara ile ile

Kuna kitu kingine kilichonikera, na nilitaka kukiruka, ila hakinipi nafasi.

Coaster ya Arusha kwenda Moshi inapita Tengeru. Juu kidogo ya hapo ni Akeri. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko. Kapteni wa Kijerumani, Kurt Johannes, akaja kulipiza. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, na waliouawa walikuwa wengi kuliko wawili, wengi wao wakiwa hawakuwahi kuwaona hao wamisionari. Na 2 Machi 1900, chini ya mamlaka ya Johannes huyo huyo, ndipo waliponyongwa Old Moshi machifu wa Kichaga, akina Mangi Meli, Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Mjukuu wa Meli, mzee Isaria Meli, ametumia miongo ya maisha yake kudai fuvu la babu yake lirudi kutoka Ujerumani.

Sisi wa mlimani tukihadithia mambo haya tunajiweka upande wa walioonewa, na tuna haki. Ila Johannes alipokwenda Meru mwaka ule hakwenda peke yake. Alikwenda na wapiganaji wa Kichaga. Wa kwetu walikuwemo kwenye zile meli.

Mtoto wa Akeri aliyeinua macho asubuhi hiyo akaona jeshi linateremka, alikuwa anamwona Mzee Magamba. Nadhani naye alikuwa na kitu mikononi. Kila nikijaribu kumwona, namwona na hotpoti.

Jani

Mwezi mmoja baada ya mazishi, mjomba wa yule dereva alipanda Machame na jani la isale. Dereva ni Mchaga, wa upande mwingine wa mlima. Kwetu mtu akija na isale mkononi kuomba radhi humfukuzi, hata kama amekuulia. Mama akalipokea.

Mimi nilipata habari kwa simu, na nilimwambia mama maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kubwa lake lilikuwa kwamba amemuuza mwanawe kwa jani. Mama hakujibu. Akasema tu, "Sawa, mama," kama anavyosema akichoka, na simu ikakatika.

Hatukulizungumza tena mwaka mzima. Nilikuwa naenda, nampelekea sukari na mafuta ya taa, narudi.

Jumamosi mbili zilizopita nilipanda nikiwa nimekusudia kuuliza. Tulikuwa jikoni, mama anamenya ndizi, mikono imepakwa mafuta utomvu usimgande. Nikamuuliza, mama, kwa nini ulilipokea?

Alimenya ndizi tatu kabla hajajibu.

"Alikuwa mzee kunizidi mimi," akasema. "Alitoka barabarani kwa miguu, viatu vimejaa tope. Akasimama kule kwenye masale ya mpaka, hakuvuka. Nikamwona, nikaendelea na kazi. Kasimama. Mvua ikaanza, kasimama. Mwishowe nikamwambia karibu, nikampa kigoda. Hakusema kitu. Nikaanza kulia, na yeye akaanza. Tulilia mpaka ng'ombe wakadai majani."

Akaokota ndizi nyingine.

"Wewe hukuwepo, mwanangu."

Hakuisema kwa lawama. Alikuwa ananieleza tu kwa nini sijui.

Sikuwepo. Tulizika Jumamosi, Jumanne nilikuwa darasani, kwa sababu kidato cha nne walikuwa karibu na mtihani na nilijiona siwezi kukosekana. Matanga yalikaliwa na wengine. Wengine ndio walilala kwenye majani ya migomba sebuleni, wakaamka usiku kuchochea moto, wakasimulia habari zake mpaka wakacheka. Mimi nilikuwa naandika kanuni ubaoni na watu walinisifu nilivyo jasiri.

Nikiwa pale jikoni nikairudia ile filamu tangu nilipoidaka. Mzee Magamba anapata habari kwenye kioo. Anasimama. Amri inayofuata ni ya vita. Katikati hapo hakuna kitu. Hakuna aliyemtandikia mkeka. Hakuna aliyemletea uji akaukataa, akaletewa tena. Hakuna shangazi aliyelia kwa sauti ili yeye apate pa kuanzia. Meli mia kadhaa chini yake, maaskari wanamsalimu kwa heshima zote, na kati yao hakuna hata mmoja anayekaa chini naye karibu na kile kiti kidogo. Alipewa jeshi mahali ambapo angepewa siku kadhaa. Na alipokufa gari zima lilipiga makofi, na hakuna aliyeuliza nani atamzika, wala huko alikotoka nani atapanda mlima kumwambia mkewe.

Nahisi mtafsiri alikiona hicho. Ndiyo maana alinyamaza.

Nisieleweke vibaya. Sijamsamehe yule dereva. Jani lile si risiti, na mama naye hajawahi kuniambia nisamehe. Malori bado yanahama upande pale Kwasadala, na faini bado ni ndogo. Kuna watu wataniandikia kwamba kisasi ni cha Mungu; najua, nimelelewa na usharika ule ule uliowalea. Ninachokisema ni kidogo kuliko hicho. Nilikaa Jumamosi tatu kwenye dirisha la mgahawa mahali ambapo nilipaswa kuwa nimekaa kwenye majani ya migomba, na nilidhani ni kazi ile ile.

Helmeti

Nyuma ya mlango wa jiko la mama, kwenye msumari, imening'inia helmeti. Siku ile hakuwa ameivaa. Nimeiona kila nilipokwenda na sijawahi kuigusa.

Niliishusha. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Stika ya timu yake imebanduka nusu, nusu iliyobaki imeingia masizi. Mkanda wa kidevuni ameutafuna, alikuwa na tabia hiyo tangu mdogo, alitafuna kola za mashati yote. Ndani sponji imebonyea umbo la kichwa chake, na ukiingiza pua bado kuna mafuta ya nywele, yale ya kopo la bluu, na moshi wa jiko umeanza kuyafunika.

Mama aliniona nimeketi nayo chini. Akaacha ndizi. Akaja akaketi.

Jumapili sikushuka. Jumatatu asubuhi nikatembea mpaka pale kwenye mtandao nikampigia mkuu wa shule kuomba ruhusa.

"Una tatizo gani, madam?"

"Nina msiba."

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Mdogo wangu."

Akanyamaza. "Samahani, madam. Yule wa bodaboda? Si ilikuwa mwaka jana?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Habari zimenifikia juzi."

Kwenye simu nilisikia kengele ya kipindi cha kwanza inagongwa, na wanafunzi wanakimbia.

"Kaa mpaka Ijumaa," akasema.